Mafundi watatu, bwawa moja la kijani: nimpe nani kazi?

Swali la msomaji: "Tulinunua nyumba yenye bwawa la kuogelea uani, mita 10 kwa 5, kina kinaanzia mita 1 na kuishia mita 2. Lina filta ya mchanga. Mwanzoni maji yalikuwa safi. Sasa ni miezi sita tangu tuhamie, na kila baada ya wiki chache yanageuka kijani, ingawa naweka vidonge vya klorini vya gramu 200, vitano kila wiki, na sikosi. Maji yanapungua pia, na vigae kadhaa vya ukingoni vimebanduka. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza anasema plasta imekufa, ibomolewe ipigwe upya. Wa pili anasema pampu ni ndogo na filta imechoka, tuweke kubwa. Wa tatu anasema nimwage maji yote nijaze mapya, na anataka sehemu kubwa ya malipo mkononi aanze kesho. Nimchague yupi? Na je, naweza kulitunza bwawa hili mwenyewe?"

Jibu:

Kwa sasa usimpe kazi hata mmoja. Katika maelezo yako yote sijaona fundi aliyechota maji akayapima, aliyesoma geji ya presha kwenye filta, wala aliyeuliza maji yanapungua kiasi gani kwa siku. Kila mmoja ameangalia bwawa lako akaona ndani yake kazi anayoijua yeye. Huenda wote watatu ni waaminifu kabisa, lakini fundi anayetaja bei kabla ya kipimo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Una matatizo matatu, yaani ukijani, maji kupungua na vigae. Yote yanapimika, na vipimo karibu vyote unaweza kuvifanya mwenyewe ndani ya wiki moja, kabla hujatoa senti.

Nianze na ukijani, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi.

Hesabu kwanza maji yako: urefu 10, upana 5, kina cha wastani 1.5, jumla mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Iandike namba hiyo kwenye ukuta wa chumba cha pampu, kwa sababu bila hiyo kila dozi ya dawa ni ya kubahatisha.

Sasa vidonge. Vile vikubwa vinavyoyeyuka polepole karibu vyote ni trikloro. Kikiyeyuka, kinaacha vitu viwili majini: klorini, na asidi ya sianuriki ambayo wauzaji huiita stebilaiza. Kiasi kidogo cha stebilaiza ni cha lazima kwenye bwawa la nje, kwa sababu jua kali huweza kuimaliza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Shida ni kwamba klorini hutumika ikaisha, na stebilaiza hubaki. Haipandi na mvuke na filta haiishiki. Inatoka pale tu maji yenyewe yanapotoka.

Kidonge kimoja cha gramu 200 huacha karibu gramu 110 za stebilaiza. Ndani ya lita 75,000 hiyo ni miligramu 1.5 hivi kwa lita. Vitano kwa wiki ni zaidi ya 7. Zidisha kwa wiki 26 ulizokaa hapo, unakaribia 190. Maji yaliyovuja na yaliyotoka wakati wa kuosha filta yamepunguza kiasi, na hatujui mwenye nyumba wa zamani alikuachia kiasi gani, lakini nitashangaa sana ukipima ukapata chini ya 100.

Stebilaiza ikifika huko, huishika klorini isifanye kazi. Kipimo cha kawaida kitakuonyesha klorini miligramu 3 kwa lita na utaamini mambo ni mazuri, kumbe sehemu inayoweza kuua mwani, ule unaoyageuza maji kijani, ni ndogo mno. Kanuni inayotumika sana ni kwamba klorini huru, yaani ile unayoisoma kwenye kipimo, isishuke chini ya asilimia 7 hivi ya stebilaiza. Stebilaiza ikiwa 40, klorini 3 inatosha. Ikiwa 150, unahitaji zaidi ya 10 ili kuuzuia mwani tu. Kwa hiyo ule uaminifu wako wa kuweka vidonge kila wiki ndio unaoidhoofisha dawa. Hili halielezwi kwenye kopo, na linanisikitisha kila ninapoona familia inaambiwa ivunje bwawa zima kwa sababu yake.

Lipime. Usitegemee vijikaratasi vya kuchovya kwa kipimo hiki. Nunua seti ya vipimo vya matone. Ndani yake kuna mrija mwembamba wenye doa jeusi chini. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yake kwa viwango sawa, mchanganyiko unakuwa mweupe kama wenye ukungu, kisha unaumimina kidogo kidogo mrijani huku ukichungulia kutoka juu. Doa likipotea machoni, acha, usome namba iliyo usawa wa maji. Fanya hivyo nje mchana, jua likiwa mgongoni. Mirija mingi huishia 100. Doa likipotea mapema kabisa, changanya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji ya bomba, rudia, kisha zidisha jibu kwa mbili.

Kwa seti hiyo hiyo pima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, ambayo inatakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali yake kali ya kuua vijidudu; ikipanda hadi 8, inabaki kama robo au pungufu. Pima pia alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na ugumu wa maji, yaani kalisi, ambayo kwa bwawa la plasta ni vizuri iwe 200 hadi 400. Vipimo hivi viwili usivipuuze. Trikloro ina asidi, na ikitumika peke yake miezi mingi hushusha pH na kumaliza alkaliniti. Maji yenye asidi na yenye kalisi kidogo huitafuta kalisi hiyo kwenye plasta na kwenye grauti ya vigae. Plasta iliyokwaruza vidole na grauti iliyoliwa vinaweza kuwa matokeo ya maji mabaya. Ukipiga plasta mpya leo na kuendelea na maji yale yale, nayo italiwa.

Ikiwa stebilaiza imezidi 100, dawa yake ni kubadilisha maji kwa awamu. Punguza nusu, jaza, zungusha maji siku nzima, pima tena. Kutoka 160 utafika 80, na awamu ya pili itakufikisha 40. Hapa fundi wako wa tatu amekaribia ukweli, ila ushauri wake wa kumwaga yote ni wa hatari. Maji yaliyo ndani ya bwawa ndiyo yanayolikandamiza lisiinuliwe na maji ya ardhini. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, hasa baada ya mvua, bwawa tupu huweza kupasuka sakafu au kunyanyuka zima zima, na lile la faibaglasi ndilo jepesi kuliko yote kung'oka. Kulikausha lote ni kazi ya mtu aliyekwisha kuangalia kina cha maji ya ardhini na anayejua kama bwawa lina valvu ya kupunguza shinikizo la chini.

Maji yakishakuwa sawa, hamia kwenye klorini isiyo na stebilaiza: ya maji, au ya unga iitwayo kalsiamu haipokloriti. Ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, kwa bwawa lako, inahitaji kama kilo 1.15 ili kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita. Iweke jioni, pampu ikizunguka usiku kucha, na usugue kuta na kona zote kwa brashi, kwa maana mwani uliong'ang'ania ukutani dawa haiufikii vizuri. Pima usiku na asubuhi kabla jua halijapanda. Klorini ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1 usiku mmoja, kuna kitu kingali hai ndani ya maji, kwa hiyo rudia hata kama yanang'aa.

Hapa nakuomba usome mara mbili. Klorini ya unga na vidonge vya trikloro visikutane kamwe vikiwa vikavu au na unyevu kidogo: si kwenye kibuyu kinachoelea cha kuwekea vidonge, si kwenye ndoo, si kwa kijiko kimoja. Vikichanganyika vinaweza kuwaka au kulipuka. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo zihifadhi mbali mbali, pakavu, penye hewa, mahali watoto hawafiki. Na unapoyeyusha dawa kwenye ndoo, maji huanza, dawa hufuata.

Tuje kwenye maji yanayopungua. Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kuingilia ili maji ya ndani na ya nje yalingane. Weka alama ya kalamu ndani na nje ya ndoo. Acha saa 24, mtu asiogelee, mvua isiwepo. Jua na upepo hupunguza pande zote mbili sawa. Tofauti ya ziada upande wa bwawa ndiyo uvujaji. Kwa eneo lako la mita za mraba 50, kila sentimita moja ni lita 500. Fanya siku moja pampu ikifanya kazi na siku nyingine ikiwa imezimwa. Maji yakipungua zaidi pampu ikiwa inazunguka, shuku mabomba ya kurudishia maji. Yakipungua sawa siku zote mbili, shuku bwawa lenyewe. Mapovu yakitoka kwenye matundu ya kurudishia, pampu inavuta hewa mahali fulani kabla ya maji kuifikia, mara nyingi kwenye mfuniko wake au kiungio cha karibu.

Halafu angalia maji yanagoma kushuka wapi. Yakisimama usawa wa mdomo wa skima, yaani tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu pamoja na takataka, tatizo huenda liko pale skima inapokutana na zege. Yakisimama usawa wa taa, chunguza taa na bomba la waya wake. Ni mahali pa kawaida sana pa kuvuja. Pampu ikiwa imezimwa na maji yametulia, nyunyiza tone la rangi ya chakula kwa bomba la sindano karibu na ufa unaoushuku. Rangi ikivutwa ndani, umepata tundu.

Vigae havihitaji maneno mengi. Vigonge vyote kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia. Vikiwa vichache, hiyo ni kazi ya fundi wa vigae kwa siku chache, hakuna haja ya kubomoa bwawa.

Kuhusu filta na pampu kubwa, fundi wa pili anaweza kukuongezea tatizo. Filta ya mchanga ina kikomo cha maji inayoweza kuyachuja kwa saa. Kwa kasi ya juu ya kawaida, yaani mita 50 kwa saa, filta yenye kipenyo cha sentimita 50 hupitisha karibu mita za ujazo 10 kwa saa. Bwawa lako likihitaji kuzungusha maji yake yote ndani ya saa 8, ni mita za ujazo 9.4 kwa saa. Ukiweka pampu yenye nguvu zaidi ya filta, uchafu unasukumwa kupita kwenye mchanga na kurudi bwawani. Kwa hiyo soma kibandiko cha filta yako kabla ya kukubali chochote. Kisha osha filta kinyumenyume, maji yakipita mchangani kwa upande wa pili, hadi kioo kidogo cha valvu kionyeshe maji meupe, suuza nusu dakika, rudisha kwenye kuchuja, uandike presha. Hiyo ndiyo presha ya usafi. Ikipanda psi (kizio cha presha kwenye geji) 8 hadi 10 juu yake, ni wakati wa kuosha tena. Isipopanda kabisa kwa wiki nyingi, huku maji yakibaki na ukungu, huenda maji yamejichimbia njia ndani ya mchanga, au mchanga umechakaa. Kuubadilisha ni nafuu kuliko filta mpya. Mchanga ukionekana sakafuni mwa bwawa, mirija ya ndani ya filta imevunjika. Na mkono wa valvu usiguswe pampu ikiwa inazunguka, hata mara moja.

Ukimaliza haya utakuwa na ukurasa mmoja wenye namba. Waite tena mafundi, hata hao hao, uwape ukurasa huo pamoja na maelezo ya kazi unayotaka, yale yale kwa kila mmoja. Bei zao zitalinganishika kwa sababu wanatoa bei ya kitu kimoja. Msikilize anayebishana na namba zako kwa hoja, akaomba kupima tena mwenyewe. Huyo ni fundi. Anayezisukuma kando na kurudia wimbo wake wa juzi, muage kwa heshima.

Usiridhike na picha za kwenye simu. Omba akupeleke kwenye bwawa alilolitengeneza miaka miwili au mitatu iliyopita, kwa kuwa plasta yoyote inapendeza wiki ya kwanza. Muulize mwenye bwawa swali moja: kilipoharibika kitu, fundi alirudi? Kagua leseni pale sheria ya eneo lako inapoidai, na bima ya ajali za kazini, ili kibarua akianguka uani kwako deni lisikuangukie wewe. Muulize pia nani hasa atakayeshika kazi, yeye au watu wengine atakaowapa.

Malipo yafuate hatua ya kazi iliyokwisha kuonekana. Malipo ya awali yatoshe kuanzia tu, na vifaa vilipiwe vikishafika kwako vikiwa na risiti, kwa sababu mkandarasi asipomlipa muuzaji, usumbufu unaweza kuishia mlangoni kwako. Anayetaka sehemu kubwa mkononi leo ili aanze kesho anakuomba ubebe hatari yote peke yako. Kila nyongeza iandikwe na kusainiwa kabla ya kufanywa. Na kubali kazi kwa kipimo: kama anagusa mabomba, andika kwamba yatapimwa kwa presha kabla ya kufukiwa, geji isishuke kwa saa 24, na wewe uyapige picha yakiwa wazi. Kama anaziba uvujaji, kipimo cha ndoo kirudiwe mbele yako. Zuia asilimia 10 ya malipo hadi bwawa likae mwezi mmoja bila tatizo.

Kama namba zitaonyesha kwamba plasta kweli inahitajika, jua kwamba wiki za mwanzo baada ya kujaza ndizo zinazoamua umri wake. Maji yajazwe bila kusimama hadi mwisho, ukuta upigwe brashi mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hivi, na pH ipimwe kila siku kwa sababu plasta mpya huipandisha. Ukubaliane mapema, kwa maandishi, nani anafanya hivyo.

Swali lako la mwisho: ndiyo, unaweza kulitunza mwenyewe. Pima klorini na pH mara mbili au tatu kwa wiki, alkaliniti kila wiki, stebilaiza na kalisi mara moja kwa mwezi. Safisha kikapu cha skima, piga brashi, soma presha. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na isipungue 2 palipo na stebilaiza. Macho yakiwasha na harufu ya klorini ikiwa kali, usidhani imezidi: mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na maji yanahitaji dozi ya kuyasafisha. Andika kila kipimo kwenye daftari pamoja na tarehe. Siku utakapodai dhamana ya plasta au pampu, swali la kwanza litakuwa jinsi ulivyotunza maji, na daftari ndilo litakalojibu.

Kazi tatu usizifanye mwenyewe na usizicheleweshe. Fundi umeme mwenye sifa aangalie kama pampu na taa zina kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30, na kama vyuma vyote vya bwawa vimeunganishwa na ardhi. Mifuniko ya matundu ya kunyonya chini ya maji iwe ya aina isiyoweza kumnasa mtu, na imefungwa imara. Kunaswa kwa nywele au mwili kumeua watoto, na Marekani ilitunga sheria ya mifuniko hiyo mwaka 2007. Mwisho ni uzio wa angalau mita 1.2 pande zote, wenye lango linalojifunga na kujikomea lenyewe, likifungukia nje. Mfuniko mmoja ukiwa umevunjika au haupo, zima pampu na usimruhusu mtu kuingia majini hadi ubadilishwe, hata kama maji yamekwisha kuwa meupe.